UZI: Italia na Sweden zote Ulaya, mbona pengo la ajira kati ya wanaume na wanawake limepishana hivi?

Wakuu habari za muda huu.

Kwenye mada nyingi humu nimeona ubishi wa wanawake na kazi ukikolea lazima atokee mtu aseme "angalieni Ulaya, kule wanawake wote wanapiga mzigo", mwingine anamjibu ule ni utamaduni wao na sisi tuna wetu, basi mjadala unafia hapo. Mimi naishi kaskazini mwa Italia, binamu yangu yuko Göteborg, Sweden, na kila tukipigiana simu habari za kazi na watoto hazikosi, kwa hiyo hili jambo naliona kwa macho na nimelisoma pia kwa muda mrefu. Leo naomba tuchukue nchi hizi mbili tu, tuziweke mezani tuzichambue. Uzi ni mrefu, soma ukiwa umetulia.

Tuanze na namba ili tuongee kitu kimoja.

Eurostat, ambao ndo ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, wanachukua watu wa miaka 20 mpaka 64 na kuangalia wangapi kati yao wana ajira. Mwaka 2024 Italia ilikuwa na wanawake kama 57 wenye ajira kwenye kila 100, wanaume kama 77. Pengo ni pointi 19.4, kubwa kuliko nchi yoyote ile ndani ya Umoja wa Ulaya, wakati wastani wa umoja mzima ni pointi 10. Sweden wanawake wanakaribia 80 kwenye kila 100 na pengo lao na wanaume linacheza kwenye pointi 5. Na wala Sweden siyo wa kwanza, Finland pengo halifiki hata pointi 1.

Sasa angalieni vizuri. Ukiwalinganisha wanaume wa Italia na wanaume wa Sweden tofauti ipo ila haitishi. Ukija kwa wanawake unakuta 57 kwa 80. Kwa hiyo ukisikia Italia uchumi wake umedumaa, sehemu kubwa ya watu wasiokuwa kazini ni wanawake, tena wengi wamesoma, maana Italia kama nchi nyingi za Ulaya wanawake wanaomaliza chuo kikuu ni wengi kuliko wanaume.

Kitu kingine ambacho watu wanakipita haraka: hawa wanawake wengi hawahesabiwi kama "wasio na ajira". Kitakwimu asiye na ajira ni yule anayetafuta kazi na yuko tayari kuanza. Mama aliyekaa nyumbani kwa sababu hana pa kumwacha mtoto, ameacha hata kutuma maombi, huyo anawekwa kundi la walio nje ya soko la ajira. Italia wanawake wa miaka 15 mpaka 64 walio kwenye hilo kundi ni zaidi ya 40 kwenye kila 100. Ndo maana waziri akisimama akasema ukosefu wa ajira umeshuka usishangilie kwanza, uliza wangapi wameacha kutafuta.

Haya, tuje kwenye hoja ya utamaduni, kwa sababu ndo inayoniuma.

Watu wanadhani Waswidi walizaliwa hivyo. Si kweli kabisa. Miaka ya 50 mwanamke wa Sweden aliyeolewa kwa kawaida alikuwa mama wa nyumbani, anapika, anafua, mume ndo analeta mshahara. Walichofanya wenzetu ni sheria moja baada ya nyingine kwa miongo. Mwaka 1939 walipitisha sheria kwamba mwajiri haruhusiwi kumfukuza mwanamke eti kwa sababu ameolewa au ana mimba. Miaka ya 60 viwanda vikawa na njaa ya watu, wakaleta wageni lakini pia wakaanza kujiuliza hawa wanawake walioko majumbani inakuwaje. 1971 wakatenganisha kodi za mume na mke, maana kabla ya hapo mshahara wa mke ulikuwa unabebwa juu ya wa mume na kukatwa kodi kubwa, mtu anafanya kazi mwezi mzima anabaki na chenji, bora akae nyumbani. 1974 wakafuta likizo ya uzazi ya mama peke yake wakaweka likizo ya wazazi wote wawili, Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo.

Na wanaume hawakukimbilia. Wengi waliona aibu. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 70 serikali ikatoa bango la mnyanyua vyuma mmoja maarufu, Lennart "Hoa-Hoa" Dahlgren, bonge la jamaa mwenye mikono kama mapaja ya mtu, amebeba kichanga huku anacheka. Lile bango wazee wa kule wanalikumbuka mpaka leo. Lakini hata bango halikutosha, kilichowasogeza wanaume ni pale 1995 sheria iliposema mwezi mmoja wa likizo ni wa kila mzazi peke yake, baba asipouchukua unapotea. 2002 ikawa miezi miwili, 2016 mitatu. Sa hivi mtoto mmoja ana siku 480 za kulipwa, siku 390 kati ya hizo zinalipwa karibu asilimia 80 ya mshahara mpaka kwenye kikomo fulani, na siku 90 kwa kila mzazi hazihamishiki. Wanaume wanachukua kama asilimia 30 ya siku zote. Bado si nusu, lakini ni watu wanaoonekana mitaani. Binamu yangu anasema Göteborg saa nne asubuhi siku ya kazi utakuta midume inasukuma vigari vya watoto, wamekaa mgahawani wawili watatu, mmoja anampa mtoto uji, na hakuna anayewageukia.

Italia sasa. 1938, enzi za dikteta Mussolini, ilitoka amri kwamba ofisini wanawake wasizidi asilimia 10 ya wafanyakazi, serikalini na hata kwenye kampuni binafsi. Baada ya vita utawala ule ukaondoka ila mazoea yakabaki, mikataba ilikuwa na kipengele kwamba ukiolewa kazi imeisha, na hilo lilikuja kupigwa marufuku 1963. Waajiri wakabuni lingine. Msichana akiajiriwa anapewa mkataba asaini, pembeni kuna karatasi nyingine, barua ya kuacha kazi kwa hiari, kila kitu kimeandikwa ila sehemu ya tarehe iko wazi. Anasaini zote mbili siku hiyohiyo maana anataka kazi. Ile barua inafungiwa kwenye droo. Siku akileta habari kwamba ana mimba bosi anatoa barua, anaweka tarehe, ameacha kazi "mwenyewe". Hii nimesimuliwa na wanawake wa rika la mama yangu zaidi ya mmoja hapa. 2007 ikatungwa sheria ya kuizuia, 2008 serikali mpya ikaifuta, na ni kuanzia Machi 2016 ndo ikawa lazima kuacha kazi ufanye kwa njia ya mtandao serikalini, barua za drooni zikafa.

Ila kuacha kazi hakukufa. Mama au baba mwenye mtoto chini ya miaka 3 akitaka kuacha kazi ni lazima aende ofisi ya ukaguzi wa kazi ikathibitishe kwamba halazimishwi. Mwaka 2022 walithibitisha zaidi ya elfu 61, na kati ya hao zaidi ya elfu 44 walikuwa wanawake. Sababu kubwa wanayoitoa wanawake ni ileile, kazi na mtoto vimeshindwa kukaa pamoja.

Ngoja niwaonyeshe vinashindwaje. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alikuwa anauza kwenye duka la nguo, mkataba wa kudumu, mzuri tu. Akajifungua. Italia likizo ya lazima ya mama ni miezi mitano kwa asilimia 80 ya mshahara, baba ana siku 10. Baada ya hapo kuna likizo ya ziada lakini kwa miaka mingi ililipwa asilimia 30 tu, ni kuanzia 2023 ndo wameanza kupandisha mwezi mmojammoja kufikia 80. Nani anakubali asilimia 30 ya mshahara? Yule mwenye mshahara mdogo, na mara nyingi ni mke. Akaomba nafasi kwenye dei kea ya manispaa, wanaiita nido. Akawekwa kwenye foleni. Ya binafsi ada yake ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya mshahara wake, na inafunga saa kumi jioni wakati duka linafunga saa moja na nusu usiku, Jumamosi hakuna. Mama yake yuko kusini kilomita nyingi, mama mkwe bado hajafika umri wa pensheni. Wakakaa na mumewe mezani wakapiga hesabu kwenye nyuma ya risiti ya supamaketi, nikaoneshwa ile risiti. Mtoto wa kwanza walihangaika hivyohivyo, wa pili alipokuja akaandika kuacha. Huyu mama kazi alikuwa anaipenda. Kwenye takwimu anaonekana "hatafuti kazi".

Italia nzima nafasi za dei kea ni kama 30 kwa kila watoto 100 walio chini ya miaka 3. Umoja wa Ulaya uliwapa lengo la 33 tangu 2002, lilitakiwa lifikiwe 2010. Sweden mtoto akifika mwaka mmoja, mzazi akiomba, manispaa inabanwa na sheria impe nafasi ndani ya miezi minne, na tangu 2002 kuna kikomo cha ada, mtoto wa kwanza hamlipi zaidi ya asilimia 3 ya kipato cha nyumba, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne bure. Mtoto akiugua mzazi anabaki naye nyumbani na analipwa na bima ya jamii, mama au baba, siku mpaka 120 kwa mwaka. Binamu yangu anasema bosi wake mwanaume anatuma ujumbe asubuhi kwenye kundi la ofisi, "mtoto ana homa, leo sipo", basi, kikao kinasogezwa.

Nikisema utamaduni hautoshi kueleza nina ushahidi mwingine, na huu ndo naupenda kuliko wote. Italia yenyewe ndani si moja. Emilia-Romagna, mkoa wa kaskazini wenye miji ya Bologna na Reggio Emilia na historia ndefu ya dei kea za manispaa, nafasi ni zaidi ya 40 kwa watoto 100, na wanawake wenye ajira wanakaribia 7 kwenye kila 10. Shuka kusini Campania, Calabria, Sicilia, nafasi za dei kea hazifiki hata 20 kwa watoto 100, na wanawake wenye ajira ni kama theluthi moja tu. Kwa ajira za wanawake, tofauti ya Emilia-Romagna na Calabria ni kubwa kuliko ya Emilia-Romagna na Sweden. Bendera moja, dini moja, tambi zilezile, runinga ileile. Sikatai kwamba kusini hata kazi zenyewe ni chache, wanaume pia wanahangaika na vijana wanahama kila mwaka, hilo lipo na ni kubwa. Lakini shule nyingi za msingi za kusini hazina hata kantini, mtoto anatoka mchana anarudi kula nyumbani, sasa nani yuko nyumbani kumpikia? Halafu likizo ya shule ni kuanzia Juni mpaka katikati ya Septemba. Miezi mitatu! Mzazi mwenye likizo ya wiki nne anaigawaje?

Jibu la Italia kwa miaka yote limekuwa bibi na babu. Na wazee wakichoka, mwanamke huyohuyo aliyemaliza kulea watoto anaanza kuuguza wazazi wake na wakwe. Serikali kwa mzee asiyejiweza inatoa pesa, zaidi kidogo ya yuro 500 kwa mwezi, inakuachia familia utajua mwenyewe. Ndo hapo wanapoingia wanawake wageni. Wafanyakazi wa ndani waliosajiliwa Italia ni zaidi ya laki 8, karibu 9 kwenye kila 10 ni wanawake, na wengi ni wageni kutoka Romania, Ukraine, Ufilipino, Peru. Dada zetu wa Eritrea, Ethiopia na Somalia walianza kuja kwa kazi hizi tangu miaka ya 70. Bado kuna wengine wengi wanaolipwa mkononi bila kuandikishwa. Kwa hiyo ajira ya mwanamke mmoja wa Milano mara nyingi imesimama juu ya mwanamke mwingine aliyeacha watoto wake kwao, na huyo wa pili hakuna anayemuulizia dei kea.

Kodi pia ipo. Italia kila mtu anakatwa kivyake tangu 1976, lakini mume mwenye mke asiye na kipato anapunguziwa kodi, na ili mke ahesabike tegemezi kipato chake kisizidi yuro 2,840.51 kwa mwaka, hata yuro 240 kwa mwezi haifiki. Kwa mama anayefikiria kakazi ka saa chache ile punguzo inamfanya ajiulize mara mbili.

-------

Nimerudi, naona maswali yamekuwa mengi, nijibu kadiri nitakavyoweza.

Mkuu uliyeleta tofauti ya mishahara: uko sahihi kwamba ukiangalia pengo la mshahara wa saa, Italia wanaonekana wazuri, 2022 lilikuwa asilimia 4.3 wakati Sweden ni kama 11. Lakini usiishie hapo. Mshahara unapimwa kwa walioko kazini tu. Italia yule ambaye angelipwa kidogo ndo amebaki nyumbani, aliyebaki ofisini ni msomi, mwalimu, daktari, mtu wa benki. Sweden wameingia wote, na muuguzi msaidizi wa wazee, na mpishi wa shule, na mwalimu wa chekechea, na hizo kazi za manispaa zimejaa wanawake na hazilipi kama za kiwandani. Wastani lazima ushuke. Hili la kazi za wanawake kulipwa kidogo kule ni tatizo halisi na Waswidi wenyewe wanalipigia kelele, ila usilitumie kusema mwanamke wa Italia ana nafuu. Aliyeko nyumbani mshahara wake ni sifuri na hayumo kwenye hesabu.

Dada uliyeuliza kama Sweden wanapamba namba kwa kuwahesabu walioko likizo: ndiyo, aliye kwenye likizo ya uzazi ya kulipwa na kazi yake inamsubiri anahesabiwa ana ajira. Italia nao wanafanya hivyo, ni kanuni ya Ulaya nzima, ila Sweden likizo ni ndefu kwa hiyo inawabeba zaidi. Pia wanawake wengi wa Sweden wanafanya saa pungufu kuliko wanaume watoto wakiwa wadogo. Ukihesabu saa badala ya vichwa pengo linapanuka. Halifikii la Italia lakini linapanuka, na mtu akikuletea pengo la ajira muulize na saa.

Kuhusu wageni Sweden, hili ni kweli na linahusu ndugu zetu. Wanawake waliozaliwa nje ya Ulaya, wakiwemo wengi wa Kisomali, wako nyuma sana kwenye ajira ukilinganisha na wazawa. Lugha, vyeti visivyotambulika, ubaguzi, na watoto wengi. 2008 waliruhusu manispaa zimlipe mzazi kama krona 3,000 kwa mwezi akae na mtoto nyumbani badala ya kumpeleka chekechea, lawama kubwa ikawa kwamba waliozichukua wengi ni wanawake wenye kipato kidogo na wageni, wanazidi kuchelewa lugha na kazi. 2016 ikafutwa. Mimi naona walifanya vizuri kuifuta, ingawa najua kuna akina mama humu watakaonipinga.

Wanaosema wanawake wakifanya kazi uzazi unakufa, jamani, tazameni hizihizi nchi mbili. 2024 Italia ilikuwa na wastani wa watoto 1.18 kwa mwanamke, Sweden 1.43. Kote kunashuka na Sweden nako wana wasiwasi, sisemi wamepata dawa. Lakini nchi ambayo wanawake wengi wako nyumbani ndo inayozaa kidogo zaidi. Jirani yangu alitaka watatu.

Na Tanzania? Nimeulizwa na watu wengi. Msichukue asilimia yetu mkaiweka moja kwa moja kando ya hizi. Kwetu wanawake wengi wanahesabika wako kazini kwa sababu ya shamba na biashara ndogondogo, hakuna anayeweza kukaa. Tena mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi duniani walikubaliana Geneva kwamba anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani anafanya kazi ila haiitwi ajira. Rwanda wanatumia kipimo hicho kwenye takwimu zao, na mwanamke mwenye jembe anaweza kuhesabiwa hana ajira upande mmoja wa mpaka, na upande mwingine akahesabiwa anayo kama kipimo ni kile cha zamani. Kwa walioajiriwa rasmi sheria yetu ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84, mapacha 100, na baba siku 3. Dei kea za serikali wengi hawazipati, tegemeo ni dada wa kazi. Tukitaka kujilinganisha tuanzie hapo.

Mwisho kwa aliyeuliza Italia wanafanya nini sa hivi: kwenye zile pesa za Ulaya za baada ya korona waliahidi nafasi mpya 264,480 za watoto wadogo, baadaye lengo likashushwa hadi 150,480. Majengo yanajengwa, hata mtaani kwetu kuna moja linapandishwa. Manispaa ndogo za kusini zinalia kwamba jengo watapata, mishahara ya walezi kila mwezi itatoka wapi?

Mlioko Norway, Ujerumani na Uholanzi leteni ya huko, hasa Uholanzi ambako wanawake wengi wana kazi lakini nyingi ni za saa chache. Nasubiri.